Njia ya Kwenda Geita

Habari ya dhahabu ikifika Kiboriloni, kwetu Moshi, huwa imeshazeeka. Imetoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, ikapita kwa mama ntilie, ikadandia lori hadi Mwanza, ikalala stendi, ikasafiri na mtu anayekuja kuzika, na kila ilipolala iliongezewa chumvi. Sisi tuliokuwa tunauza mitumba pale sokoni miaka ya tisini tuliipokea karibu kila kiangazi: kumetokea rashi, watu wanakimbilia dhahabu, Nyarugusu kule Geita, kumetokea rashi Rwamagasa, Mgusu watu wanaokota. Jioni hiyohiyo vijana wa Old Moshi, Kirua na Uru walikuwa wanatafuta mnunuzi wa mbuzi. Wengi wao walikuwa na swali moja tu: njia gani itanifikisha haraka?

Nimeishi na swali hilo muda mrefu, kwanza kama mfanyabiashara, baadaye kama mtu aliyesindikiza maiti kupita huko huko, na nimefika mahali pa kuamini kwamba si la kuanza nalo. Anayekwenda kwenye rashi achague njia kana kwamba atakuta dhahabu imekwisha. Akishapata njia ambayo haitamwangamiza hata akikuta mashimo matupu, hapo ndipo aulize habari ya haraka.

Vijana wale hawakuwa na tamaa kuliko wengine. Kahawa iliyotusomesha ilikuwa imeanguka. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa duniani yalivunjika, na wazee waliozoea kupeleka mzigo chama cha msingi na kurudi na ada ya shule wakaanza kurudi na ahadi. Kihamba, shamba la ukoo, nacho kilikuwa kimegawanywa kwa baba, kikagawanywa tena kwa wana. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza na wa mwisho ndio wanaotazamwa katika urithi. Wa katikati hujitafutia. Upande wa pili wa nchi, kuanzia mwaka 1990, Benki Kuu ilikuwa inanunua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei iliyowavuta. Mtoto wa katikati mwenye miaka ishirini, asiye na shamba, akisikia hayo utamwambia nini?

Mimi sikuwa na nia ya kuzama shimoni. Nilikuwa na belo za jinzi na mablanketi, mabuti ya mpira, tochi na betri. Niliwaza kwamba mtu anayelala kwenye turubai na kuamkia matope atahitaji vitu hivyo kabla ya kuhitaji kingine chochote, na sikuwaza vibaya. Kilichonikosesha usingizi ni mzigo wenyewe. Mtu na begi lake hupita popote. Mtu mwenye belo lazima achague.

Njia zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa na watu wake wa kuisifia.

Ya kwanza ilikuwa ya mbugani. Arusha, Makuyuni, Karatu, unapanda ukingo wa Ngorongoro, unashuka Serengeti, unatokea lango la Ndabaka karibu na ziwa, kisha Mwanza. Kutoka Moshi haifiki hata kilomita 700. Kwenye ramani inapendeza sana. Lakini siku hizo lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilikuwa bado, mabasi yalikuwa machache, ada ya kupita hifadhini iliingia kwenye nauli, na hakuna aliyetaka kupakia belo zangu. Zaidi ya hapo, kati ya Karatu na ziwa hakuna mji wa kuuzia kitu. Ukiharibikiwa pale una nyumbu na simba, huna mteja.

Ya pili ilikuwa ya Nairobi. Unavuka Namanga, unapita Nairobi, Kisii na Migori, unarudi nchini kupitia Sirari, Tarime, Musoma. Lami karibu mwanzo hadi mwisho. Vijana waliipenda mno. Ila ilidai hati ya kusafiria, ilidai kubadilisha shilingi yetu kuwa ya Kenya na kuirudisha tena kuwa yetu, na kila unapobadilisha kuna kinachobaki mkononi mwa anayekubadilishia. Mwenye mzigo alikutana na forodha mara mbili. Nilimjua kijana aliyefika Geita kwa njia hiyo mapema kuliko wenzake wote aliotoka nao, akiwa na tai shingoni aliyovaa ili asisumbuliwe mpakani, na bila senti ya kununulia ugali.

Ya tatu ilikatiza katikati ya nchi: Babati, Katesh, Singida, mteremko wa Sekenke, Nzega, kisha ama Shinyanga na Mwanza, ama unachepuka Isaka na Kahama na kuingia Geita kutoka kusini bila kuvuka maji. Hii ndiyo njia ya malori. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa balaa. Sekenke yenyewe ina historia ya dhahabu. Wajerumani waliichimba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa, dhahabu hiyo ndiyo waliyoitengenezea pale Tabora sarafu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, mlima ambao wakusanyaji wa sarafu husema ni Kilimanjaro. Huwa nafikiri sana juu ya sarafu hiyo. Dhahabu ya Singida ilibeba mlima wetu mgongoni kabla sisi hatujaanza kuifuata dhahabu ya magharibi.

Ya nne ilikuwa treni. Nayo ilikuwa na kituko chake: ili ufike magharibi ulianza kwa kwenda mashariki. Ulipanda basi hadi Dar es Salaam, kama kilomita 560, ukapakia mzigo wako stesheni kwa utulivu, ukaketi juu ya reli ya kati zaidi ya kilomita 1,200 hadi Mwanza. Aliyekuwa anasaka haraka hakutaka hata kuisikia.

Nilikwenda kwa babu. Kijiji kizima kilimwita Meku, naye alinitania kwa kuniita "mke wangu", kama babu zetu wanavyofanya kwa wajukuu wa kike. Nilimkuta amekaa chini ya mti wa parachichi anachambua maharage. Nilimwamkia, akauliza nakwenda wapi, nikamwambia Geita. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Mke wangu, ukifika ukakuta watu wameondoka, hizo nguo utamuuzia nani?"

Meku alikuwa na haki ya kuuliza. Ujanani, miaka ya thelathini, alikuwa utingo wa lori lililokuwa linapeleka bidhaa Chunya. Dhahabu ya Lupa ilikuwa imeanza kuvuta watu miaka ya ishirini, na ilipofika katikati ya miaka ya thelathini Mbeya ilikuwa inakua kuwa mji kwa sababu yake. Lori lao lilipita Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa. Alinisimulia kwamba Iringa ndipo wanaokwenda na wanaorudi walipokutana. Wanaokwenda walinunua sepetu mpya dukani. Wanaorudi walikuwa wamekaa hatua chache kutoka duka hilo, wanauza sepetu zao kwa bei ya sahani ya chakula. Meku alisema kilichomshangaza si kwamba watu walikosa dhahabu, kukosa kupo. Kilichomshangaza ni kwamba wale wawili walitazamana na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Kisha akanipa ushauri ambao nimeutumia maisha yangu yote ya biashara. "Lala penye soko," alisema. "Kila mahali utakapolala pawe mahali ambapo, ukiamka umesikia habari mbaya, unaweza kufungua mzigo ukauza na kurudi nyumbani."

Nilizipima njia zote nne kwa kipimo hicho na zikajipanga zenyewe. Mbugani hakuna soko. Nairobi lipo, lakini nguo zangu zingekuwa za magendo. Njia ya Singida ina masoko mazuri, ila lori likikwama halikwami sokoni. Treni ilipita Morogoro, Dodoma, Tabora, Shinyanga na kuishia Mwanza, na kote huko watu walivaa jinzi. Nauli ya daraja la tatu ilikuwa ndogo, mzigo ulikuwa na behewa lake na risiti yake. Majirani waliona nimechanganyikiwa. Nilishuka Dar.

Ilikuwa kiangazi cha 1995, na Moshi ilikuwa imewaka kwa Mrema, mgombea urais aliyetoka kwetu. Uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe ulikuwa umekaribia, na kila aliyesikia lafudhi yangu ndani ya behewa alitaka nimweleze Wachagga wanasemaje. Tulibishana hadi Saranda, ambapo ubishi ulikatizwa na wauza kuku. Asiyewahi kula kuku wa Saranda dirishani mwa treni, kwa mikono, huku behewa limeshaanza kutikisika, hajasafiri reli ya kati.

Lakini kituo kilichonifaa ni Tabora. Pale treni ilikuwa inakatwa: mabehewa ya Kigoma yalikwenda zake, ya Mwanza yalifungwa kichwa kingine, na shughuli hiyo ilichukua muda. Wenye haraka walilalamika. Mimi nilishuka jukwaani nikatafuta wanaotoka Mwanza. Niliwaona bila kuuliza mtu: vijana wawili waliokuwa na vumbi jekundu kwenye kucha, mmoja ameshika tochi ya kichwani anaiuza. Nilikumbuka Iringa ya Meku. Nikawanunulia chai na mihogo, nikakaa nao.

Walinieleza yote, kwa sababu mtu anayerudi hana sababu ya kukudanganya. Duara lililokuwa limeleta kelele ile hadi Kiboriloni lilikuwa limejaa maji. Watu walikuwa wametawanyika, wengine Rwamagasa, wengine wamevuka kwenda upande wa Kahama. Waliobaki walikuwa wengi bado, lakini walikuwa wanakula kwa mkopo. Nikauliza wanahitaji nini. Hawakusema mablanketi. Walisema mabuti na betri, maana asiyekuwa na tochi hashuki.

Basi mkakati nikaubadilisha pale pale jukwaani, na ndiyo faida ya kusafiri na mzigo wako ukiwa mzima. Nilipofika Mwanza nilifikia kwa mama mdogo, Kirumba, nikafungua belo soko la Mlango Mmoja. Jinzi na mablanketi yakaishia mjini. Nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi nikiwa na mabuti, betri na tochi tu, nikapita Sengerema na Geita, na Land Rover iliyojaa kupita kiasi ikatufikisha Nyarugusu.

Nataka nieleze nilichokiona mwaloni, mahali pa kuponda na kuosha mawe, kwa sababu watu wengi wanaoota dhahabu hawajui inavyozaliwa. Mawe hutolewa shimoni kwenye mifuko. Yanapondwa, kwa karasha, mashine ya kusagia, kama ipo, kwa nyundo kama haipo, na nyundo nyingi zilikuwa mikononi mwa wanawake waliokaa chini, miguu imenyooshwa, kitambaa kimefungwa puani. Unga wake unamiminwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Mchanga unateremka, kilicho kizito kinashikwa na nyuzi za gunia. Gunia linasuuzwa kwenye karai. Hapo ndipo zebaki inapoingia. Mzee mmoja aliimimina kutoka kichupa cha dawa, akaivuruga kwa vidole vitupu kama mtu anayekanda unga, hadi vumbi lote la manjano likamezwa. Akakunja kitambaa, akakamua, zebaki ikachuruzika chini na ndani kikabaki kidonge cha kijivu kinachotosha ncha ya kidole. Alikichoma kwenye kipande cha bati juu ya mkaa. Moshi ulipanda, na watoto walikuwa wamesimama pale pale. Kijivu kikageuka manjano. Watu sita walikuwa wanasubiri kugawana kitu kile, baada ya mwenye duara kutoa chake na mwenye karasha kutoa chake.

Nilikaa huko muda wa kutosha kuona jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Njia aliyopita mtu ilikuwa inaamua atashuka shimo gani. Aliyefika na akiba alikaa pembeni, akala kwa fedha yake, akasikiliza: duara hili mwenye nalo analipa, lile lina matimba imara ya kushikilia kuta, lile lingine lina maji usiliguse. Aliyefika mikono mitupu hakuwa na jioni ya kusikiliza. Alihitaji kula siku hiyohiyo, na chakula kilikuwa kwa mwenye duara aliyepungukiwa watu. Na duara linalopungukiwa watu kwenye rashi, huku mamia wanatafuta kazi, ni duara ambalo wanaojua wamelikataa.

Jambo hilo lilikuja kunigusa kwa uchungu. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zikiwa zimeshaanza, kijana wa jirani yetu, mtoto wa katikati, aliondoka nyumbani na lori la njia ya Singida. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamishia biashara Mwanza. Alitakiwa apite kwangu. Hakupita, alichepukia Isaka ili aokoe muda. Kabla ya hapo lori lao lilikuwa limekwama Sekenke kwenye foleni ndefu ya malori, na fedha aliyopewa na mama yake, fedha ya ndizi na mbege, ikaishia kwa wauza chakula waliofuata foleni hiyo. Alifika machimboni akiwa na deni kwa dereva. Akashuka kwenye duara ambalo wengine walikuwa wameliacha kwa sababu ya mvua. Mapema 1998 kuta zikaporomoka.

Aliyeniletea habari alinikuta Mlango Mmoja nafunga biashara. Wachimbaji walikuwa wamemtoa wenyewe na wakachanga, kila mtu alichonacho, na sitasahau kwamba watu waliokuwa wanakula kwa mkopo walichanga. Tulimlaza mochwari Mwanza. Watu wa Kilimanjaro wa pale mjini wakaja, na swali likawa lile lile la njia, safari hii halina utani wowote. Mchagga anazikwa kihambani. Mama alikuwa anamsubiri mwanawe, na hakuna aliyethubutu kumwambia tutamzika ugenini.

Tulikaa kikao usiku kucha. Reli ya kati ilikuwa imeharibiwa na mvua. Njia ya Singida ndiyo iliyotufikisha hapo, na malori yalikuwa bado yamelala kwenye tope. Kupita Kenya kulihitaji vibali vya maiti kuvuka mpaka, tena mara mbili, na hakuna aliyejua vitachukua siku ngapi. Wengine walitaka wakodi gari wakimbie usiku kwa njia yoyote. Dereva mmoja mzee, mtu wa Musoma, ndiye aliyetutuliza. Akasema tupite Serengeti, mchana. Nikamuuliza, si ndiko kusikokuwa na watu? Akajibu, "Mama, kuna askari wa hifadhi na kuna magari ya watalii. Ukikwama kule atapita mtu mwenye gari la kuvuta na winchi. Ukikwama Sekenke atapita mwenzako aliyekwama."

Njia niliyoikataa kwa ajili ya belo ndiyo iliyofaa kwa jeneza. Sikuona kinyume chochote hapo. Njia haina sifa yake yenyewe, ina sifa kwa kile unachobeba na kwa kile kitakachotokea ukisimama. Tulitoka Mwanza usiku ili tuwepo Ndabaka lango linapofunguliwa. Askari alivua kofia alipoliona jeneza. Tulikwama kwenye udongo mweusi kabla ya Seronera, na kweli lilitokea gari la kampuni ya watalii likatuvuta. Dereva wake hakupokea chochote, na abiria wake, wazungu wazee, walishuka wakasimama kando ya barabara hadi tulipoondoka. Tulivuka Ngorongoro kwenye ukungu na baridi. Karatu tukalala. Tulipofika Kiboriloni, barabara ya kupanda Kikarara na Tsuduni ilikuwa utelezi mtupu, gari likashindwa, na vijana wa kijiji wakalipokea jeneza mabegani wakapanda nalo kwa miguu.

Baada ya mazishi mama yake aliniita ndani. Aliniomba nimtajie majina ya mahali mwanawe alipopita, kwa mpangilio, kwenda na kurudi. Nikamtajia: Arusha, Babati, Katesh, Singida, Sekenke, Nzega, Isaka, Kahama. Kisha Geita, Busisi, Mwanza, Ndabaka, Seronera, Karatu. Aliyarudia moja moja hadi akayajua. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anaweza kuyataja. Sijawahi kuona mtu aliyejifunza jiografia ya nchi hii kwa gharama kubwa kuliko ile.

Nimekuja kusoma baadaye juu ya rashi ya Klondike, kule kaskazini-magharibi mwa Kanada, na nilishangaa jinsi nilivyowatambua watu wale. Dhahabu ilionekana Agosti 1896. Habari ilifika Seattle, Marekani, Julai 1897, imeshazeeka karibu mwaka mzima. Makumi ya maelfu wakaondoka. Baadhi walipanda mlima wa Chilkoot kwenye theluji, na polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka bila chakula cha mwaka, ambacho pamoja na vifaa kilikuwa mzigo wa karibu tani moja kwa kila mmoja, kwa hiyo walipanda na kushuka mlima uleule mara nyingi kabla ya kuuvuka kwa kweli. Njia jirani, White Pass, iliua farasi wapatao 3,000. Ipo nyingine iliyonigusa zaidi, ya kuanzia mji wa Edmonton. Wafanyabiashara wa mji huo waliinadi sana kuwa ni ya ndani ya nchi na haina mpaka wa kuvuka. Ilikuwa ndefu kupita kiasi, imejaa vinamasi, na wengi waliianza hawakuimaliza. Waliouza vifaa Edmonton walikuwa wameshalipwa. Na hao waliofika Klondike kwa wingi mwaka 1898 walikuta maeneo mazuri yana wenyewe. Mwandishi Jack London alikuwa mmoja wa waliokwenda. Alirudi mgonjwa, na dhahabu aliyorudi nayo ni kidogo sana.

Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara na sina ugomvi na wanaouza sepetu. Nasema tu kwamba anayekusifia njia umtazame amekaa wapi. Kama duka lake liko kwenye njia hiyo, mshukuru, kisha nenda ukamuulize anayerudi.

Kuna pia jambo lisilotabirika kwa njia yoyote, nalo ni serikali na maji. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, na kwa muda mrefu baada ya hapo hata kivuko kifupi cha Busisi watu walikipanda wakisali. Agosti mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka machimbo ya Bulyanhulu, na mji wa Kakola uliokuwa umefurika ukatawanyika. Nilimpokea Mwanza mama mmoja wa Marangu aliyekuwa ameshusha mzigo wake kule wiki hizo hizo kupitia Isaka. Alikuwa na sufuria nyingi, za saizi zote. Wateja hakuna. Lakini alikuwa ameacha nauli ya kurudi kwa dada yake Kahama, na nauli hiyo ndiyo iliyomwezesha kuzitoa sufuria zile na kuziuza Shinyanga mjini. Leo ana duka.

Sasa mambo yamebadilika sana. Geita ni mkoa tangu 2012 na soko la madini lilifunguliwa huko 2019. Njia ya Singida ni lami. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kama kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na mahali tulipokuwa tunasubiri kivuko nusu siku gari linapita kwa dakika chache. Habari ya rashi inafika Kiboriloni kwa simu kabla chai haijapoa, ikiwa na picha. Hata hivyo imezeeka vilevile, maana imefika kwa watu laki nzima kwa wakati mmoja, na waliokaa karibu na shimo wameshaanza kutembea. Urahisi wa barabara umewafanya vijana wasiulize kabisa. Wanapanda basi alfajiri Moshi na begi moja, nauli ya kwenda tu.

Juzi amenipigia binti wa kaka yangu. "Shikamoo shangazi, nasikia kumetokea rashi huko Geita." Anauza vyakula vya kusindika na nguo za kazi. Nikamwambia anipe majina ya mahali atakapolala. Akasema atapitia Singida, atauza huko siku ya mnada, atalala Nzega kwa rafiki yake anayefanya biashara ya mchele, atakaa Mwanza aongee na wanaorudi kabla ya kuvuka daraja, na nauli ya kurudi ameiacha kwa mama yake ili aitumiwe kwa simu akiihitaji. Nikamuuliza mama yake ameyaandika hayo majina. Akasema ameyabandika kwenye friji. Nikamwambia aende.